Bolti ya eksozi imegoma? Usiikatie ndani ya hedi

Jamani kabla hujachomeka bomba kwenye spana ukaanza kuning'inia hebu tulia kwanza, maana bolti ikikatikia kwenye silinda hedi (ile sehemu ya juu ya injini) ya aluminiamu kazi ya dakika 10 inageuka ya siku 2. Sugua kutu na brashi ya waya, puliza WD-40 (mafuta ya kopo ya kulegeza kutu), iache ilale nayo usiku mzima.

Asubuhi igonge kichwani na nyundo, sio kwa hasira, gonga gonga tu, ule mtetemo ndo unapasua kutu mafuta yapenye. Tumia soketi ya pembe 6, ile ya 12 inakula kona. Sasa hapa ndo wengi wanakosea: kaza kwanza kidogo, ikishtuka ndo ufungue, fungua robo mzunguko, nusu ya hiyo unarudi kukaza, mafuta tena, hivyo hivyo taratibu. Ukisikia spana imekuwa laini kama unavuta mpira basi bolti inajinyonga hiyo, acha palepale!

Bado? Moto. Futa mafuta yote kwanza maana yanawaka, hakikisha hakuna petroli inayovuja, halafu pasha kichwa cha bolti, hedi usiiguse kabisa kwa sababu aluminiamu haikuonyeshi wekundu, hata kabla ya kufika nyuzi 660 inayeyuka tu ghafla.

Kichwa cha bolti kikishakuwa mviringo chomelea nati mpya juu yake, joto la weldi lenyewe linailegeza. Ukirudishia paka grisi ya kopa kwenye thredi.