Somo: Kanisa la zamani lishabomolewa? Anza hivi kuokoa historia yake

Wadau, hapa Nairobi kanisa la mabati likibomolewa leo, kesho fundi ashaanza msingi wa jipya. Sina shida na jipya, ila baada ya muda hakuna anayekumbuka la kwanza lilisimama wapi na nani alilijenga, na hiyo inaniuma sana. Hata makubwa ni hivyo tu, kabla ya Basilika ya Holy Family, kanisa kuu la Wakatoliki hapa Nairobi aliloichorea ramani msanifu majengo Dorothy Hughes miaka ya 60, palikuwa na kanisa lingine la mawe, na wengi wanaosali pale hawajui.

1. Wazee kwanza. Karatasi zitangoja, mzee wa miaka 90 hatangoja. Mrekodi kwa simu, na usimwambie "nieleze historia ya kanisa" maana atakupa hotuba. Muulize mlango uliangalia wapi, wanawake walikaa upande gani, mawe yalitoka wapi na nani aliyabeba, kengele ilikuwa nini, mara nyingi utasikia ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mti na kugongwa na chuma. Kama bado anatembea, mpeleke pale penyewe akuonyeshe.

2. Jiwe la msingi. Lipige picha asubuhi ama jioni jua likilipiga kwa upande, herufi zilizofifia zinatokea. Lakini usichukue mwaka wa jiwe ukasema ndio mwaka wa kanisa, jiwe la All Saints, kanisa kuu la Waanglikana hapa Nairobi, liliwekwa 1917 na ujenzi ukaendelea miaka na miaka.

3. Picha za nyumbani. Itoe kwa fremu, piga kando ya dirisha bila flashi, na upige nyuma pia, huko ndiko kuna tarehe na muhuri wa studio.

4. Halafu sasa uende Archives, yaani hifadhi ya nyaraka za taifa, pale Moi Avenue, na Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji, kule Ruaraka kwa ramani za zamani.

MASWALI

Swali: Letu lilibomolewa kitambo na hakuna picha hata moja, nifanyeje?
Jibu: Tafuta albamu za harusi na kipaimara. Hakuna aliyepiga picha ya kanisa, walipiga ya maharusi mlangoni, kwa hivyo angalia nyuma yao, dirisha liko hapo na ukuta uko hapo.

Swali: Karani amekataa nione rejista ya ubatizo.
Jibu: Ana haki, mle kuna mambo ya watu walio hai. Mwandikie padri barua, omba kurasa za miaka ya kwanza pekee, na ukubali kunakili kwa penseli ukiwa hapohapo ofisini.