Karabini ya 22 kwa kulenga shabaha: anza na risasi, bunduki ifuate

Mtoto wa dada yangu alipopata kibali chake, alinijia na picha tatu kwenye simu. "Mujomba, ile nyeusi njo muzuri," akaniambia, akinionyesha moja yenye kitako cha plastiki na vikorokoro ubavuni. Nikamuuliza itakula risasi gani, na hizo risasi atazipata wapi hapa Lubumbashi. Akanyamaza. Haya ndiyo niliyomwelekeza, nimeyapanua kidogo kwa wengine wa huku, Likasi na Kolwezi, wanaotaka kulenga karatasi na makopo siku ya Jumapili. Wawindaji watafute mwongozo mwingine.

Hatua ya 1: Kibali

Karatasi kwanza. Silaha hapa Kongo zinasimamiwa na ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na sheria hiyo inagusa risasi kama inavyogusa bunduki. Usitoe hata arubuni kabla kibali hakijatoka. Akitokea mtu wa kukuambia ana ndugu mpakani Kasumbalesa wa kukuvushia moja kutoka Zambia, muage kwa heshima uende zako.

Hatua ya 2: Kalibri (unene wa risasi)

22 Long Rifle, kwa kifupi 22 LR. Basi.

Ni risasi ya tangu 1887. Haina fataki katikati ya kitako cha ganda kama za bunduki kubwa. Kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo unaolizunguka ganda, na sindano ya bunduki inagonga hapo pembeni. Haisukumi bega, kelele yake ni ndogo, na ndiyo rahisi kuliko zote kupatikana. 22 Magnum ya mwaka 1959 na 17 HMR ya 2002 ni risasi nzuri, ila kwa kutoboa karatasi ni kuchoma pesa. Jambo moja la hatari: ganda la Magnum ni nene zaidi. Risasi ya 22 LR itaingia kwenye chemba yake (tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi) huku ikilegalega, na ukifyatua ganda litapasuka. Usijaribu hata kama duka zima limeishiwa.

Hatua ya 3: Risasi, kabla hujaitazama bunduki

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wanapopotezea siku nzima.

Ganda la 22 halijazwi tena. Mwenye bunduki kubwa anaweza kubadili fataki na kutia baruti mpya. Wewe ukishapiga, ganda ni la kutupa. Kwa hiyo utanunua risasi maisha yote ya bunduki hiyo, na ukiwa mtu wa kupiga kila wiki, pesa ya risasi itaipita ya bunduki. Nenda kwanza kwa muuzaji mwenye idhini. Muulize ana aina gani leo, alikuwa na aina gani mwaka jana, na kibali chako kinakupa kiasi gani kwa mara moja. Aina iliyoonekana mara moja ikapotea, usiihesabu.

Kisha soma boksi, utafute kasi. Za kasi kubwa hutoka kwenye mtutu kwa kama mita 380 kwa sekunde. Za kawaida kama 325. Sauti yenyewe husafiri kwa karibu mita 340. Ile ya kasi inatoka ikiwa mbele ya sauti, inachoka njiani, na inapoteremka chini ya kasi ya sauti hewa inaiyumbisha. Ile ya kawaida haina mpaka wa kuvuka. Kwa karatasi ya mita 50 chukua ya kawaida, usibishane na mtu. Wapigaji wa Olimpiki wa mita 50, ambao duara lao la pointi kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, hutumia risasi zilizo chini ya kasi ya sauti. Angalizo: ya kawaida inashuka zaidi ukienda mita 100, na bunduki nyingine za kujipakia zenyewe hukwama nayo. Nitalirudia hilo hatua ya 4.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mtutu una tumbo lake: chakula kinachompendeza jirani kinaweza kuuvuruga. Karabini mbili za kiwanda kimoja, namba zimefuatana, moja inapenda risasi za CCI Standard na nyingine inataka za Eley au SK. Mpwa wangu matundu yake yalitawanyika kwa upana wa sahani. Akakaza skrubu zote, akafungua darubini akaifunga upya, akalaumu upepo, akalaumu meza. Jua linaelekea kuzama, akabadili boksi tu, na matundu yakaanza kugusana.

Jinsi ya kupima: tafuta meza imara na magunia madogo ya mchanga, weka karatasi mita 50. Chukua aina moja. Kumi za kwanza piga tu kwenye udongo bila kuzihesabu, kwa sababu kila aina ina nta yake na mtutu lazima upakwe nta hiyo kwanza. Baada ya hapo piga tano kwenye karatasi, kisha tano kwenye nyingine, uendelee hivyo mara kadhaa. Usichague kwa karatasi iliyo nzuri zaidi, kila mtu ana moja ya kuonyesha wenzake. Chagua kwa iliyo mbaya zaidi. Usisafishe mtutu katikati ya jaribio, na usichanganye aina mbili kwenye magazini (kikasha cha risasi) moja.

Ukipata inayokubali, tazama namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye boksi. Nunua za toleo hilo kadiri kibali kinavyoruhusu. Jina lile lile, toleo jingine, linaweza kupiga tofauti. Kuna watu wanaopima unene wa ukingo wa kila risasi kwa kifaa na kuzipanga kwa makundi. Kwa mpigaji wa Jumapili huo ni mchezo wa mvivu aliyechoka kupumzika.

Joto na vumbi pia. Shika risasi moja kwa vidole, utasikia utelezi mwembamba kichwani: ndiyo hiyo nta. Acha boksi mbele ya kioo cha gari mwezi wa Oktoba na nta italainika. Dondosha risasi kwenye vumbi letu jekundu, vumbi litaganda pale pale, na ukiipakia hivyo unasugua mtutu kwa mchanga. Iliyoanguka, weka pembeni.

Isipolipuka: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue. Na ukisikia mlio mdogo, dhaifu kuliko kawaida, simama. Toa risasi zote, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma kama kichwa hakijakwama humo. Kupiga nyingine juu yake ni kupasua mtutu.

Hatua ya 4: Komeo au ya kujipakia

Chukua ya komeo la kuvuta kwa mkono, unalolifungua na kulifunga mwenyewe kila unapopiga. Ruger 10/22, ya kujipakia yenyewe, imekuwepo tangu 1964, ina vipuri vingi, sina neno baya juu yake. Lakini ya kujipakia inahitaji risasi yenye nguvu ya kurudisha komeo nyuma, na huku tunakula kilichopo. Bunduki ya komeo inakubali ya kasi, ya kawaida na ile ya kimya kabisa, mradi iwe 22 LR. Halafu mwanafunzi mwenye komeo anapiga polepole, na kupiga polepole ndiko kunakofundisha.

Kwa bunduki za komeo, mimi ni mtu wa CZ 457. Komeo lake linainuka nyuzi 60 tu, kwa hiyo unaweza kufunga darubini chini bila mkono kuikwaruza. Tikka T1x ni laini zaidi ukiweza bei. Savage Mark II ni ya mfuko mdogo, na kifyatulio chake cha AccuTrigger unaweza kukirekebisha mwenyewe.

Hatua ya 5: Mwili wako

Mkiwa dukani, muuzaji akishafungua komeo na wote wawili mkaona chemba ni tupu, ielekeze mahali salama, fumba macho, iweke begani, lalia shavu. Fumbua. Kama jicho halioni katikati ya nishani (vyuma vya kulengea juu ya mtutu) bila kusogeza shingo, kitako si chako. Weka tako lake kwenye kiwiko kilichokunjwa. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Fanya hivyo ukiwa umevaa koti la asubuhi za Juni, maana koti linaongeza urefu.

Usifyatue tupu bila kuuliza. Kwenye baadhi ya 22 za zamani sindano hugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza, na baadaye risasi haziwaki vizuri.

Hatua ya 6: Nishani na darubini

Nishani za chuma kwanza. Ukishachoka nazo, nunua darubini iliyotengenezwa kwa 22, ambayo picha yake imepangwa kwa mita kama 50. Zile za bunduki kubwa nyingi zimepangwa kwa 100 au zaidi. Ukilenga karibu, sogeza jicho kidogo na alama ya msalaba inatembea juu ya karatasi. Bunduki nyingi za 22 zina reli ya kufungia darubini yenye upana wa milimita 11. Pete za reli pana hazishiki hapo, hata fundi aseme atazikaza.

Hatua ya 7: Mahali

Risasi hii ndogo hufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na inapenda kudunda kwenye maji, mawe na udongo mkavu. Mashamba yetu ya barabara ya Kasenga yana vichuguu virefu kuliko nyumba, na kila mtu anaviona ni ukuta wa bure. Mwezi wa Machi, mvua imevilainisha, sawa. Agosti kichuguu ni tofali: panga magunia ya udongo mbele yake, safu mbili, shabaha mbele ya magunia. Na kabla ya kupakia, mtu azunguke nyuma kwa miguu aangalie. Wachoma makala (makaa) hupenda kujenga tanuru upande wa pili, na moshi hauonekani mpaka waliwashe.