Kabla hujajinyima, jua unakula kwa nini

Mashoga zangu, kabla hujaapa kuacha wali wa nazi ili upungue mwili, chukua daftari la skuli uandike wiki nzima: nimekula nini, saa ngapi, na moyo ulikuwaje. Usipunguze chochote bado.

Mimi daftari ndilo lililonifumbua macho. Mchana nakula vizuri tu, samaki na mchicha. Lakini saa 4 usiku, watoto wamelala, nyumba kimya, nakaa na sahani ya haluwa mpaka kijiko kinakwaruza chini. Njaa sina. Nilikuwa na upweke tangu mama alipofariki, wala sikuwahi kumwambia mtu.

Njaa ya tumbo huja polepole, na hata muhogo wa kuchemsha huikata. Njaa ya moyo huja ghafla, inataka kitu kimoja tu, na ukishakula bado ipo. Msongo ukidumu, mwili hutoa kotisoli kwa wingi, homoni inayochochea hamu ya vitamu na mafuta. Kwa hiyo usijitukane kuwa huna nia.

Sasa saa 4 nampigia dada yangu aliyeko Wete, tunamzungumza mama mpaka usingizi unakuja.

Halafu tafuta sababu yako mwenyewe ya kupungua, si harusi ya mtu. Mimi nataka kusali kwa kusimama bila magoti kuniuma. Na mwenye kilo 90, hata kupungua 5 husaidia presha na sukari. Huzuni ikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya ukaieleze.