Vidole viwili havitoshi: kozi ya kutaipu komyuniti koleji kwa sisi tuliokuja ukubwani

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili mwingine asione noma. Mimi Bongo nilikuwa mwalimu wa sekondari miaka kumi na moja, na mitihani yote nilikuwa naandika kwa mkono napeleka kwa mhazili wa shule, dada mmoja aliyesoma Chuo cha Uhazili Tabora, yule akikaa kwenye kompyuta unasikia kama mvua ya mawe kwenye bati. Kwa hiyo kompyuta naijua, imeili naijua, WhatsApp ndo usiseme, ila kutaipu kwa vidole kumi sikuwahi kufundishwa na wala sikuona kama napungukiwa kitu.

Nikaja huku Ohio, Marekani, nikaanza pale tunapoanzia wengi, kuhudumia wazee kwenye nasing homu, na hapo ndo kompyuta ikanikomesha. Manake huku kila unachomfanyia mgonjwa unakiingiza kwenye mfumo kabla hujatoka, amekula kiasi gani, amekunywa nini, umemgeuza saa ngapi, amekataa kuoga kwa sababu gani. Shifti ya jioni inaisha saa tano usiku, mabinti wadogo wanamaliza dakika kumi wanavaa makoti, mimi na vidole vyangu viwili vya shahada nadonoa kama kuku mpaka saa sita kasoro, na msimamizi kaniambia nigonge kwanza kadi ya kutoka ndo niendelee kuandika. Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo ni kinyume cha sheria, muda wa kuandika ripoti ni muda wa kazi na unalipwa, sa wewe ukiambiwa hivyo usikubali kama nilivyokubali mimi.

Mwenzangu mmoja Mkenya ndo akaniambia, dada, si uende koleji ujifunze kutaipu. Nikacheka. Mimi mwenye digrii niende kukaa kwenye kozi ya kubonyeza ABC? Nikaenda, na naandika haya kwa mtu aliye pale nilipokuwa.

Komyuniti koleji ni vyuo vya umma vya miaka miwili, ada iko chini sana ukilinganisha na yunivasiti, na kwa kawaida hawachagui mtu, hata kama cheti chako cha form four kilibaki kwenye sanduku Morogoro. Kwenye katalogi tafuta neno Keyboarding, mara nyingi iko chini ya idara ya biashara au kazi za ofisi. Usichanganye na kozi ya kompyuta ya jumla, ile Wakenya wanaita paketi, ya Word na Excel, ile watakuchukulia kwamba kutaipu tayari unajua.

Sasa hapa kwenye kujiandikisha ndo watu wanapoteza hela kwa kutouliza, tulia unisikilize. Kozi hii inaweza kuwa na milango miwili. Kuna ya krediti, inayoingia kwenye rekodi yako ya chuo, ina maksi na ina madeti ya kujitoa. Na kuna ya bila krediti, wanafundisha kitu kile kile kwa wiki chache, mara nyingi hupimwi Kiingereza wala huitwi na advaiza, yaani mshauri wa masomo, unalipa unaingia. Kama shida yako ni vidole tu, chukua ya bila krediti. Kama una mpango wa kuendelea mpaka cheti cha rekodi za hospitali au uhasibu au mambo ya ofisi, chukua ya krediti, ila muulize advaiza kwanza kama kozi hiyo inahesabika kwenye programu unayoitaka, maana nyingine hazihesabiki.

Hela za serikali za kusaidia kulipia masomo, zile za Pell Grant, maksimamu kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilikuwa dola 7,395, na wenye grinkadi, hata ya bahati nasibu, pamoja na wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba. Lakini sikia, lazima uwe umejiandikisha kwenye programu ya cheti au digrii, sio kozi moja ya kujaribu. Na kingine ambacho hakuna aliyeniambia mpaka nimejaza fomu yote: ukiwa tayari na digrii ya kwanza, hata kama ni ya Mlimani au Makerere au Nairobi, kwa kawaida Pell hupati. Usiifiche hiyo digrii kwenye fomu, utakuja kudaiwa. Fomu yenyewe inaitwa FAFSA, ni bure, inajazwa studentaid.gov, kwa hiyo yule kaka wa mtaani anayetaka dola hamsini akujazie, mwambie ahsante. Kwa waliokosa Pell kama mimi, nenda American Job Center iliyo karibu na wewe, ni ofisi za serikali za kutafutia watu kazi, huduma zao ni bure na wakati mwingine wana fungu la kulipia mafunzo.

Watakuuliza pia umeishi jimboni muda gani, maana mkazi analipa bei ya chini. Ohio ni miezi 12, ingawa kuna watu wanasamehewa, uliza tu. Beba leseni, mkataba wa nyumba, bili ya umeme. Na kama uko huku kwa viza ya matembezi, umekuja kumlea mjukuu kwa mfano, usijiandikishe kwenye masomo ya krediti kwa sababu viza hiyo hairuhusu kusoma chuo, unaweza kuiharibu bure.

Vitabu: usinunue chochote kabla ya siku ya kwanza. Kozi nyingi zinatumia programu ya mtandaoni yenye namba ya siri ya kufungulia (access code), na namba hiyo ikishatumiwa na mtu haitumiki tena, kwa hiyo kile kitabu cha mtumba ulichokiona bei poa ni karatasi tupu.

Haya, darasani. Saa kumi na mbili jioni, nimetoka shifti ya asubuhi na yunifomu, nakuta mama wa Kimeksiko, mzee wa Kisomali, baba mmoja mzungu aliyeendesha lori miaka thelathini mgongo ukagoma, na kaka Mkongomani kutoka Goma. Mwalimu bibi wa miaka sabini hivi. Hakutuwashisha kompyuta. Alisema fungeni macho, pitisheni vidole juu ya kibodi mtafute vijinundu viwili. Mimi kompyuta nimeshika miaka mingi sijawahi kujua kwamba F na J zina kijinundu! Angalia ya kwako sasa hivi. Hapo ndo vidole vya shahada vinakaa, vingine vinajipanga pembeni yake, kushoto A S D F, kulia J K L na nukta mkato, vidole gumba vinasubiri spesi, na kila kidole kina herufi zake kinazoendea juu na chini halafu kinarudi nyumbani. Mchezo wote ndo huo. Yaliyobaki ni kurudia mpaka uchoke.

Bibi akatuchekesha na kisa cha huku kwetu Ohio, mwaka 1888 Cincinnati, jamaa mmoja mwandishi wa hatimkato wa mahakama anaitwa Frank McGurrin alishindana kutaipu na mwalimu wa taipu, McGurrin alikuwa amekariri kibodi nzima, haangalii vidole, akamwacha mwenzake mbali sana. Tangu hapo watu wakaanza kuamini kwamba kutoangalia kunawezekana. Kisha bibi akatugawia mataulo ya jikoni tufunike mikono. Jamani, kutaipu chini ya taulo, unajiona kama mtoto anayeiba sukari.

Mazoezi ya kwanza ni ya ule mstari wa katikati tu, na ya Kiingereza yanachosha, mara ask, mara dad, mara sad lad. Siku ya tatu usiku niko jikoni nikagundua kwamba Kiswahili kinakaa kwenye ule mstari vizuri kuliko Kiingereza chao. Dada. Kaka. Lala. Sasa. Shaka. Ghala. Jalada. Hadaa. Hakuna hata herufi moja inayotoka mstarini. Nikawa nataipu dada lala sasa, kaka kaa, mistari ishirini kila usiku, na vidole vikakubali haraka kwa sababu kichwa hakitafsiri. Fanya hivyo.

Ila Kiswahili kina gharama yake. Kiingereza herufi yao inayofanya kazi zaidi ni E, inapigwa na kidole cha kati, kina nguvu. Sisi ni A, na A anapigwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kinyonge kuliko vyote! Ukiandika barua nzima ya Kiswahili kile kidole kinawaka moto. Wiki mbili za mwanzo kitauma, pumzika dakika kila baada ya robo saa, shusha mabega, panga kiti viwiko viwe usawa wa kibodi. Ukisikia ganzi kwenye kiganja acha siku hiyo, usijifanye shujaa.

Mkongomani wetu yeye alikuwa na balaa lake. Kwao wanatumia kibodi ya Kifaransa, A iko palipo na Q huku, na M iko pembeni ya L. Yeye alikuwa anajua kutaipu kuliko sisi wote, tena bila kuangalia, akaandika mama, kwenye skrini ikatoka ;q;q. Darasa zima tulicheka na yeye akacheka mpaka machozi. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kongo na Burundi na Warwanda wa zamani, msidanganyike kwamba mtaruka wiki za mwanzo, nyie ndo mnazihitaji zaidi, kuna kitu cha kusahau kwanza.

Sasa sehemu ambayo watu wengi wanakimbilia mlangoni. Nilipoingia, kwa vidole vyangu viwili nilipimwa nikapata maneno 22 kwa dakika. Wiki ya pili kwa vidole kumi nikapata 9. Tisa! Unalipa hela uwe mbaya zaidi. Na kazini bado unatakiwa kumaliza ripoti, kwa hiyo unajikuta darasani unatumia kumi, kazini unarudia viwili, na kila ukirudia viwili unabomoa ulichojenga. Mimi niliongea na mwenzangu wa shifti, nikamwambia wiki tatu hizi nitakuwa naandika kidogo kidogo kila nikitoka chumba cha mgonjwa badala ya kulundika mwisho, akaniitikia kengele za wagonjwa pale nilipochelewa. Wiki ya sita nikarudi 22, safari hii macho yako kwenye skrini. Nikamaliza kozi na 34. Matangazo mengi ya kazi za ofisi yanaulizia kati ya 35 na 45 kwa hiyo nilikuwa mlangoni.

Hayo maneno kwa dakika nayo usiyaelewe vibaya. Neno kwenye kipimo sio neno, ni mibonyezo mitano, spesi ikiwemo. Baba anakula ugali, wewe unaona maneno matatu, kompyuta inaona mibonyezo 18, yaani maneno 3.6. Nimekwishawaambia, neno moja la mtu aliyekasirika, ni herufi 17, kompyuta inakupa 3.4. Halafu makosa yanakatwa au yakizidi idadi fulani jaribio halihesabiki, kwa hiyo usishindane na saa. Bibi alikuwa anasema punguza kasi mpaka uache kukosea, halafu kasi itakufuata yenyewe.

Kwenye nusu ya pili wanafundisha barua, na hapo sisi tunaumbuka kivyetu. Mimi nikaandika barua safi kabisa ya Kitanzania, Kumb. Na. juu, halafu kichwa cha habari herufi kubwa nimepiga mstari, chini Yours faithfully. Bibi akaizungusha kalamu nyekundu akaniuliza hii ni ya mahakamani? Huku kila kitu kinaanzia kushoto, baada ya salamu unaweka nukta mbili, unamaliza na Sincerely, karatasi ni Letter sio A4, na tarehe wanaanza na mwezi. Hiyo ya tarehe izingatie mno kama unafanya kazi ya hospitali, 03/04 huku ni Machi tarehe nne.

Muulize mwalimu pia kama watagusa ule upande wa namba wa kibodi, kwenye 5 kuna kijinundu vile vile. Kazi za kuingiza data zinapima huko, utaona tangazo limeandika 8,000 KPH, ni mibonyezo kwa saa, inatisha kuisoma ila ukigawa ni kama miwili kwa sekunde.

Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya darasani na mtandaoni, nenda darasani. Mtandaoni programu inaona herufi tu, haioni kwamba B unaipiga na kidole kisicho chake, na hilo kosa ukilizoea miezi mitatu litakaa nawe. Nyumbani fanya dakika ishirini kila siku, ni bora kuliko saa tatu Jumapili, Typing.com ni bure inatosha, na kama huna laptopu maktaba za mtaani zina kompyuta, kadi ni bure. Ukitaka kufanya mazoezi kwa Kiswahili kwenye Word na hutaki ile mistari myekundu ikuvuruge, nenda Review, halafu Language, uweke Kiswahili.

Semista kubwa zinaanza Agosti na Januari, wengine wana za nusu katikati. Andikisha mapema, darasa likikosa watu wanalifuta na la jioni ndo linajaa kwanza. Na siku ya kwanza wahi ukae safu ya mbele, kibodi za nyuma huwa A imefutika.