Ishara za Neva Zinaposhuka Wakati wa Kunyoosha Mgongo wa Mtoto

Katika upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo uliopinda, umeme mdogo hutumwa mwilini ili kuona kama neva bado zinapitisha ishara. Maandalizi huanza kabla ya kisu. Mtaalamu wa usingizi atumie dawa za mshipani kama propofoli badala ya kutegemea gesi, asirudie dawa ya kulegeza misuli baada ya kuweka mpira wa kupumulia, na aweke shashi iliyokunjwa kati ya meno, kwa sababu umeme unaopigwa kichwani kupima njia ya mwendo hukaza taya na ulimi unaweza kukatwa. Chukueni vipimo vya mwanzo vya njia ya hisi (kutoka viungoni kwenda ubongoni) na ya mwendo (kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli) kwa mikono na miguu yote. Mikono ndiyo shahidi: ishara zikishuka huko pia, shukuni kwanza usingizi, presha au mlalo wa mtoto.

Ishara ya hisi ikipungua kwa zaidi ya asilimia 50, au ya mwendo ikitoweka miguuni, mpasuaji asimame na chumba kinyamaze. Kwa kijana, presha ya damu ya wastani ipandishwe kupita milimita 85 za zebaki, huku nyaya za vipimo, joto la mwili na wingi wa damu vikikaguliwa. Kama mabadiliko yalifuata unyooshaji, legezeni fito za chuma zinazonyoosha mgongo. Kama yalifuata kuwekwa kwa skrubu mfupani, iondolewe na tundu lake likaguliwe upya. Ishara zisiporudi, mtoto azinduliwe kidogo na kuambiwa asogeze vidole vya miguu, jaribio lililoelezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1973. Aliyefundishwa jana yake wodini hutii kwa urahisi zaidi.