Mradi wa hati za ardhi ukifika kijijini, fanya haya kabla gari halijaondoka

Marehemu baba alionyeshwa shamba hili kwa kidole wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini watu walipohamishiwa vijijini: kuanzia mwembe ule mpaka korongoni. Mwembe wenyewe ulishakatwa siku nyingi. Naandika nikiwa mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, huku Sengerema. Tuko saba, na sheria inataka watatu tuwe wanawake.

Asikutishe mtu kwamba ugawaji wa Operesheni haukuwa na karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliutambua. Wapimaji wanaweza kuja kwa fedha za wafadhili (hata MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, ulianza 2004 kwa fedha za Norway na wataalamu wa mchumi Hernando de Soto kutoka Peru), lakini shamba hukupewa na mfadhili, kwa hiyo usiwapigie magoti.

Muulize mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama hakuna, fomu yako italala kabatini.

Siku ya kupima, amka na jogoo. Mpaka uwe umefyekwa tangu jana yake, na vigingi vimechomekwa. Majirani wote mnaopakana wawepo, hata yule msiyesalimiana naye. Hasa huyo. Kijana mwenye jipiesi, kile kifaa cha kupimia mipaka, husimama pale anapoonyeshwa. Akisimama hatua tano ndani, matuta yako ya viazi yamehamia kwa jirani.

Wenye mashamba ya mwambao, msivute kamba hadi majini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Sasa majina. Fomu yangu ya kwanza iliandikwa jina la mume peke yake, nami nimesimama palepale na jembe mkononi! Karani alisema ameandika "mkuu wa kaya". Niligundua gari limeshaondoka, nikahangaika na nauli za wilayani miezi mingi. Usiweke dole gumba kabla hujasomewa: majina yenu wote wawili, herufi kwa herufi kama kwenye vitambulisho vya NIDA.

Halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuamua maombi. Zikipita, nenda na tarehe uliyowasilisha fomu. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, kisha husajiliwa wilayani, ifuatilie mwenyewe. Yangu nimeifunga nailoni mbili, iko ndani ya debe la bati. Mchwa wa huku hawachagui karatasi.