Ng'ombe Wanapotupa Mimba kwa Neospora: Kinga, Chanjo na Ulinzi wa Zizi

Mfugaji wa Nzega au Urambo ambaye ng'ombe wake wametupa mimba huuliza kwanza habari za chanjo. Chanjo ipo ya brusela, ugonjwa mwingine wa kutupa mimba, ambao husababishwa na bakteria. Kimelea aitwaye Neospora caninum, anayeangusha zaidi mimba za miezi mitano hadi sita, hana chanjo sokoni. Iliyowahi kuuzwa nje ya nchi, ya vimelea waliouawa, iliondolewa kwa kuwa matokeo yake yalikuwa ya kusuasua.

Ugumu unatokana na kinga yenyewe. Ng'ombe aliyeambukizwa kabla ya kupandwa mara nyingi huibeba mimba hadi mwisho, lakini kinga yake haimfukuzi kimelea aliyejificha kwenye ubongo na misuli. Mwili unapolegeza ulinzi ili usimkatae ndama, kimelea huamka na kuvuka kondo la nyuma. Ndama wengi wa mama kama huyo huzaliwa wazima kwa macho, kumbe wameshaambukizwa.

Mimba ikitoka, vaa glavu, kwa sababu brusela humpata pia binadamu. Weka kijusi na kipande cha kondo kwenye mifuko miwili ya plastiki, ndani ya chombo chenye barafu, umkabidhi afisa mifugo avifikishe maabara ya veterinari mjini Tabora. Damu ichukuliwe kwa aliyetupa mimba na kwa kadhaa waliozaa salama, kwani kumkuta mmoja na maambukizi hakuthibitishi kwamba ndiyo yaliyoitoa mimba.

Kisha mgeukie mbwa. Tangu mwaka 1998 inajulikana kwamba mbwa akila kondo au nyama mbichi yenye kimelea hutoa mayai ya kimelea huyo kwenye kinyesi, na ng'ombe huyala kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa. Sishauri kuwaua, maana fisi wangefurahi mno. Ng'ombe azalie kwenye uzio ambao mbwa hapenyi, na kondo lifukiwe siku hiyo hiyo katika shimo refu, juu yake mawe na miiba. Ghala la pumba na mashudu ya pamba lifungwe, kwa kuwa mbwa hupenda kulala juu ya magunia na hujisaidia hapo hapo. Kisima cha mifugo nacho kizungushiwe uzio.

Mitamba wa kubaki kundini wachaguliwe kutoka kwa mama wasio na maambukizi. Ukitaka kumpima ndama mchanga, damu itolewe kabla hajanyonya maziwa ya kwanza; akishanyonya, kingamwili za mama huvuruga majibu, na itabidi usubiri atimize takriban miezi sita.